Moshi wa Kigari Kisicho na Moshi

Kingi alikuwa na kigari, na kigari chake hakikuwa na moshi. Hivyo ndivyo alivyojua yeye, ndivyo alivyojua mkewe Mbodze, na ndivyo walivyojua watu wote wa kichochoro kile cha Mji wa Kale waliokiona kikipita kimya kati ya kuta mbili, hata ikabidi Kingi akitie kengele ya baiskeli kisije kikamparamia mtu kwa nyuma. Magurudumu matatu, kiti kirefu cha kumlaza mgonjwa, mota moja, na betri kumi na mbili chini ya kiti. Akili yake mwenyewe, mikono yake mwenyewe! Miaka kumi alikuwa bandarini akitengeneza vigari vya umeme vya kunyanyulia mizigo ghalani, na walipompunguza kazini mwaka wa tisini na tano alitoka na ujuzi wa betri ambao hakuna wa kumpokonya.

Sasa ilikuwa Septemba ya tisini na nane. Miaka mitatu Kingi alikuwa akikihangaikia kigari chake, na miaka mitatu Mbodze alikuwa akiilisha nyumba kwa mahamri na mbaazi. Hakuwa mtu wa kulalamika, yule mama. Alisema mara moja tu, tena kwa upole, huku akikanda unga.

"Baba Kadzo, mwezi huu ukiisha bila ya mtu kukitaka hicho kigari, funga karakana urudi kwa kakako Mariakani mkavunje mawe. Nakupenda, lakini mahamri yamenichosha."

Kingi alitoka nje akasimama kichochoroni, akaanza kuzihesabu siku zilizobaki kwenye mwezi.

Mungu si Athumani, bahati ikamjia wiki ile ile. Bwana Jamaldin, mfanyabiashara wa mchele na viungo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya mtaa. Zahanati ile ilikuwa na taabu ya siku nyingi: mgonjwa akizidiwa ndani ya vichochoro, hana budi kubebwa kwenye kiti na wanaume wanne mpaka barabara kuu, akifika amepondekapondeka. Wafadhili wa ng'ambo wakakubali kutoa vigari vitatu. Bodi ya gari ingekuwa hii hii ya Kingi, lakini ndani yake kungetiwa kimoja katika viwili: ama betri zake, ama injini ya pikipiki ya petroli, ambayo fundi mmoja wa Bondeni alikuwa tayari kuifunga. Na ulikuwa wakati ule mataifa makubwa yametoka Japani kuzungumzia joto la dunia, kwa hiyo wafadhili wakataka karatasi: kila kigari kina moshi kiasi gani, tangu kinapoundwa mpaka kinapokufa.

"Kuna nini cha kuhesabu hapo?" Kingi alicheka. "Petroli ina moshi. Changu sufuri. Andika sufuri, mzee, utie sahihi."

"Ewe Kingi, hawa hawataki maneno, wataka hesabu ya mtu aliyesoma," alisema Bwana Jamaldin. "Nenda pale chuoni Buxton, kuna mwalimu mmoja wa fizikia, aitwa Wanza. Ijumaa ijayo baada ya sala nataka karatasi iwe mezani kwangu."

Mwalimu Wanza alikuwa mwanamke wa Ukambani, mfupi, miwani mikubwa, penseli imechomekwa nyweleni. Alimkaribisha Kingi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo Kingi alidhani ni la mzaha.

"Umeme wa kuchajia waupata wapi?"

"Ukutani, Mwalimu."

"Na ukutani umefikaje?"

Kingi akamtumbulia macho. Basi Wanza akamweleza, kuwa umeme mwingine hutoka kwenye mabwawa ya Mto Tana, na mwingine hutoka kwenye mitambo inayochoma mafuta mazito, na kila anapochaji betri zake kuna bomba mahali linatoa moshi kwa niaba yake. Halafu akageukia betri. Kingi akamwambia kwa fahari anavyonunua betri zilizokufa, anavyozipasua, anavyoyayeyusha yale madini ya risasi ya ndani kwa moto wa makaa na kumimina sahani mpya za betri.

"Makaa kiasi gani kwa kigari kimoja?"

"Magunia manane," Kingi alijibu papo hapo.

Wanza akaandika manane.

"Na betri zadumu muda gani?"

"Miaka miwili kamili. Haipungui hata siku."

Wanza akaandika miaka miwili. Akauliza asidi inatoka wapi. Akauliza lori linaloleta makaa kutoka Ganze linatumia mafuta gani. Akauliza juu ya waya za mota, na hata rangi ya bodi, kisha akaifuta rangi kwa kuwa vigari vyote viwili vingepakwa sawa. Kingi alirudi nyumbani akimsimulia mkewe kwa kicheko: mwanamke yule akitumwa kuhesabu nywele za paka ataanzia mkiani, na paka atakaa kimya ahesabiwe!

Jumatatu akaitwa. Karatasi ilikuwa juu ya meza, imepigwa mistari, na Wanza akamsomea pole pole huku penseli ikishuka namba baada ya namba. Magunia manane, kila gunia kilo thelathini na tano: kilo mia mbili na themanini za makaa. Kila kilo moja ya makaa, ukijumlisha na moshi wa kule msituni yanakochomwa, hutoa kilo nne za gesi ya kaboni. Ongeza kilo arobaini za asidi na waya. Jumla kilo elfu moja mia moja na sitini, kabla kigari hakijasogea hatua moja.

"Kikianza kazi," Wanza aliendelea, "chako kwa huo umeme kitatoa kilo thelathini kwa mwezi. Cha petroli kitatoa sabini. Kila mwezi wewe unamshinda kwa arobaini. Ni vizuri sana. Lakini ili uimalize ile elfu na ushee uliyoanza nayo, unahitaji miezi ishirini na tisa. Na betri zako zinakufa mwezi wa ishirini na nne. Hapo utawasha moto upya, na hesabu inaanza tena."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hutamfikia, fundi. Kamwe."

Kingi akaona Mariakani, akaona nyundo na mawe. Hasira zikampanda na maneno yakamponyoka kabla hajayapima.

"Mwalimu, yule fundi wa Bondeni amekupa nini?"

Mwingine angemfukuza. Wanza hakukasirika hata kidogo. Aliigeuza karatasi ikamwelekea Kingi, akampa penseli. "Nionyeshe palipokosewa," alisema, "nami nitapafuta mbele yako."

Kingi akaitazama. Alitazama juu, akatazama chini, akarudi juu. Hakuona pa kupafuta. Na juu ya hasira zake zote, kitu kikamwingia moyoni ambacho hakukitarajia. Moshi wa Ganze, na moshi wa ile mitambo ya mafuta, na moshi wa ekzosi ya pikipiki, yote imepangwa kwenye safu moja, imejumlishwa, imekaa. Miaka mitatu alikuwa akikitazama kigari kile asubuhi na jioni, na mtu huyu kwa siku tatu amekiona zaidi yake. Kusema kweli ilipendeza, hata kama ilimuua.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Punguza basi."

"Nipunguze nini?"

"Hayo magunia. Andika matano."

"Kwani ni matano?"

"Hata matano hayafiki."

Wanza akavua miwani. "Ijumaa uliniambia manane."

"Nilisema manane, ndiyo! Nawe ukaandika!" Kingi sasa alikuwa amesimama, mikono hewani, uchungu umemjaa kweli kweli. "Nani anayeandika la kwanza, Mwalimu? Mimi nikisema manane, wewe wasema matatu. Mimi naapa kwa mamangu, wewe wajifanya kuondoka, mimi nakuita, twakutana kwenye manne. Ndivyo watu wanavyoongea! Mimi nilikaa pale nangoja upunguze, wewe waniuliza habari za lori!"

Na hapo ndipo palipo na kisa chote. Kingi si mwongo, mtu asimwonee. Lakini hebu niambie, ni fundi gani wa Mombasa atakayeulizwa "kiasi gani" akajibu kiasi hicho hicho? Mbao, misumari, siku, makaa, ulimi wenyewe unaongeza, kwa sababu miaka nenda miaka rudi kila anayeuliza atakata nusu kabla fundi hajafunga mdomo. Fundi asiyeongeza atafia njaa na ukweli wake. Naye Wanza, maskini, ndiye mteja pekee katika kisiwa kizima asiyejua kupunguza. Hata nyanya sokoni alizinunua kwa bei ya kwanza, na wachuuzi wakimwona kwa mbali walikuwa wakipigana vikumbo kumwita.

Wanza alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Lakini alipomaliza kucheka alikuwa na uso mwingine.

"Sasa fundi, siwezi kuandika matano. Wala manne. Namba zote zilizotoka mdomoni mwako juu ya makaa nimezifuta. Jumatano nakuja karakanani, tutapima."

Jumatano asubuhi akaja, na mizani ya jukwaa ya Bwana Jamaldin ikabebwa kutoka dukani na mawe yake yote. Jambo la kwanza alimfunga Kingi kitambaa cha maji puani, akajifunga na yeye, akawaondoa Mbodze na majirani wote upande unakoelekea moshi, maana moshi wa risasi ni sumu. Miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwambia Kingi jambo hilo. Kisha akapima makaa, akaandika. Wangetengeneza betri tatu tu, robo ya kigari, na kuzidisha mara nne.

Kingi naye, tusimsifu kupita kiasi, alikuwa na ujanja wake. Akautia moto makaa kidogo, kidogo kabisa, ili mizani imwonee huruma. Risasi ikayeyuka nusu, ikamiminwa nzito, na sahani ya kwanza ikatoka na ufa toka juu mpaka chini. Ya pili hivyo hivyo. Wanza akaziokota kwa koleo akaziweka kando bila kelele.

"Anza upya," alisema. "Usinionyeshe unavyotaka kuonekana, fundi. Nionyeshe unavyofanya kazi."

Kingi akaona haya, akautia moto makaa ya haki yake. Wakafanya kazi mpaka alasiri. Moto ulipozimwa Wanza aliyatoa makaa ambayo hayajaisha, akayaacha yapoe, akayachekecha jivu, akayapima nayo ili yaondolewe kwenye hesabu. Kipande kimoja cha ukubwa wa kidole gumba kikabiringika chini ya meza. Mwalimu wa chuo, na sketi yake ya kazini, akapiga magoti akakifuata, akakirudisha juu ya mizani, ambayo haikutikisika hata kidogo. Kingi alisimama akamwangalia. Kipande kile kilikuwa kinamsaidia yeye Kingi, si mtu mwingine, na hata kingekuwa kinamdhuru, Wanza angekifuata vile vile. Alimheshimu mwanamke yule wakati huo kuliko alivyowahi kumheshimu mhandisi yeyote wa bandarini.

Kilo ishirini na saba na nusu. Mara nne, kilo mia na kumi. Magunia matatu na kidogo tu! Wanza akajumlisha pale pale juu ya ndoo iliyopinduliwa: jumla yote kilo mia nne na themanini, miezi kumi na miwili ya kuzimaliza, na betri zina miaka miwili. Kinashinda, tena kinashinda mara mbili. Mbodze akapiga vigelegele, kichochoro kikajaa watu, mahamri yakaliwa bure siku ile. Wanza alikula mawili, akasema Alhamisi ataipiga karatasi taipu.

Alhamisi asubuhi Kingi hakuweza kula.

"Baba Kadzo, una nini?" Mbodze aliuliza. "Jana ulikuwa unaimba."

"Ile miaka miwili," Kingi alisema.

"Ipi?"

"Ya betri. Nilisema miaka miwili kamili."

Mbodze akaacha kukanda. Aliolewa na fundi akiwa na miaka kumi na tisa, hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Ni mingapi?"

"Miezi kumi na minne."

"Na kuna mizani ya kupima hilo?"

"Hakuna. Labda mtu akae miezi kumi na minne akiitazama betri."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi peke yangu."

"Basi sasa tuko wawili," alisema Mbodze, akageuka kukanda tena, akiukanda ule unga kwa nguvu kuliko unavyotaka kukandwa. Hakumwambia nenda, wala hakumwambia kaa. Kingi alingoja kidogo, kisha akavaa viatu.

Alikwenda Buxton kwa miguu. Njia nzima alikuwa akijiambia kuwa mwezi bado siku sita, kuwa watoto wana ada, kuwa makaa yamepimwa kwa haki na hiyo yatosha. Kila alipotaka kugeuka nyuma alimwona Wanza amepiga magoti chini ya meza.

Alimkuta kwenye taipureta, karatasi ya mwisho imo ndani.

"Mwalimu, miaka miwili si miwili," alisema akiwa bado mlangoni. "Seti ya kwanza niliifunga Machi tisini na sita, ikafa Mei tisini na saba. Ya pili Juni mwaka huo, ikafa mwezi uliopita. Ni kumi na minne, Mwalimu. Nimeapa kimoyomoyo, na hii usiipunguze wala usiiongeze."

Wanza aliichomoa karatasi, akatoa penseli nyweleni, akaandika upande wa nyuma.

"Kumi na minne, toa kumi na miwili," alisema. "Mbili. Mara arobaini. Bado unashinda, kwa kilo themanini."

Kingi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi na Mungu asifiwe, zote mbili."

"Ngoja. Mizani ile ni ya mchele. Moshi wa umeme nimeukadiria, sikuupima. Hesabu yangu yaweza kukosea kwa kilo mia, huku au huku. Nikiwa na uwezekano wa kukosea kwa mia, siwezi kuapa kwa themanini." Alimtazama usoni. "Nitaandika huenda kinashinda."

"Huenda?"

"Huenda."

Kingi akakaa chini bila kuambiwa. Miaka mitatu, mahamri ya Mbodze, mikono iliyoungua, yote yakaja kuishia kwenye neno lile moja. Machozi yalimlenga, akayaacha.

"Fundi," Wanza aliuliza taratibu, "kwa nini umekuja? Nisingejua mpaka mwisho wa dunia."

"Tangu nianze ufundi," Kingi alisema, "hakuna mtu aliyeandika nililolisema kama nilivyolisema. Kila mtu akinisikia anakata. Wewe uliandika. Nikaona nimekuandikisha uongo."

Wanza akainamisha kichwa, akaingiza karatasi mpya kwenye taipureta. Herufi ya kwanza aliikosea.

Ijumaa baada ya sala walikuwa dukani kwa Bwana Jamaldin, kati ya magunia ya mchele na karafuu, wao watatu. Wafadhili walikuwa wamemwachia mwenyekiti uamuzi. Bwana Jamaldin aliisoma karatasi yote, kurasa nne, kidole kikifuata mistari. Karatasi ya fundi wa Bondeni ilikuwa pembeni, nayo ilikuwa na mstari mmoja: moshi kidogo sana.

"Huenda," Bwana Jamaldin akasema. "Mwalimu, mimi nina wagonjwa. Kwa huenda siwezi kutoa vigari vitatu."

Kingi akatazama sakafu.

"Lakini humu ndani," mzee aliendelea, akiigonga karatasi, "fundi mwenyewe amesema betri yake yafa mwezi wa kumi na nne. Nina miaka arobaini dukani. Sijapata kuona muuzaji akinitajia siku bidhaa yake itakapokufa. Kimoja, Kingi. Tengeneza kimoja cha betri, malipo yako kamili. Hivyo viwili vitangoja tukione hicho."

Kimoja! Kimoja kilitosha kuiweka karakana wazi mpaka mwaka mpya. Kimoja kilitosha Mbodze alale mpaka jua litoke. Kingi alitaka kucheka na kulia, hakujua aanze na lipi.

Bwana Jamaldin alifungua daftari la kamati, akafungua kalamu. "Chachukua siku ngapi?"

Ulimi wa Kingi ulikuwa tayari na arobaini. Ilifika hapa, kwenye meno. Akamtazama Wanza, akaimeza.

"Ishirini na sita," alisema.

"Fanya kumi na tano," alisema Bwana Jamaldin bila hata kuinua kichwa.

Kingi akafungua mdomo, akaufunga. Ukweli alikuwa ameutoa wote, hakubakiza kitu cha kupunguza. Hapo ndipo Wanza alipopiga meza kwa kiganja, punje za karafuu zikaruka.

"Ishirini na sita, Bwana Jamaldin! Hiyo haipunguzwi!"

Mzee akainua kichwa. Alimtazama mwalimu aliyewaka hasira, kisha akamtazama Kingi na jasho lake, akawatazama muda mrefu. Kisha akainama akaandika, ishirini na sita. Kingi akaiangalia ile namba mpaka wino ukakauka.